Mvua ya Buluu kwa Mama Tshibola

Kwiii-ko. Kwiii-ko. Kwiii-ko.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa wakwe zangu: nilisikika kabla ya kuonekana. Ukungu wa mwezi wa kumi ulikuwa umelala juu ya barabara ya Lubudi, mzito kama pamba, na mtu hakuweza kuuona hata mti wa jirani yake. Lakini kijiji kizima kilisikia. Mbelu, mchumba wangu, aliniambia baadaye kwamba baba yake mdogo, Tata Kazadi, alikuwa ameketi mlangoni akinoa shoka. Akaliweka jiwe chini, akatega sikio.

"Nani anachinja nguruwe asubuhi hii na hajatuita?"

"Haiko nguruwe, tata," Mbelu akamjibu. "Ni Kabeya. Anakuya na pompi yake."

Ndipo ukungu uliponitema mbele yao, nimelowa jasho, nikisukuma mkokoteni wa magurudumu mawili. Juu ya mkokoteni palikuwa na pipa la mbao, na juu ya pipa bomba la shaba lenye mkono mrefu, ndiyo pompi yenyewe. Kutoka kwenye bomba ulining'inia mpira, na mwisho wa mpira ilikuwapo fimbo ya mwanzi yenye tundu dogo nchani, la kurushia dawa kama manyunyu.

"Ah," alisema Tata Kazadi. "Nguruwe mwenyewe huyu hapa."

Nilicheka kwa meno tu. Mimi si mtu wa kuchekwa. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; mimi nilizaliwa kambini Kolwezi, na mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa fundi katika gereji ya malori. Kutunga mashairi nilijifunza peke yangu, nikihesabu silabi kwa vidole huku nikisugua grisi. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna anayenidai asante.

Bomba lile nililitoa katika kibanda cha shamba la Monsieur Henri, mzungu aliyerudi Ulaya na kuliacha shamba lake lirudi pori. Lilikuwa limelala pale miaka mingi. Ngozi yake ya ndani, ile inayosukuma maji, ilikuwa imekauka ikapasuka kama kisigino. Nilikata ngozi mpya kutoka ulimi wa kiatu changu cha kazi, nikailoweka katika mawese mpaka ikalainika. Mawese yote yaliishia hapo. Magurudumu sikuyapaka hata tone, ndiyo maana yalilia njia nzima.

Sasa niseme kwa nini nilikuja.

Marehemu baba yake Mbelu, Tata Mulumba, alikuwa mtunza bustani wa Monsieur Henri. Kila mwaka walipopunguza matawi ya mitofaa, yeye alichukua vijiti, akaviunga kwenye miche nyuma ya nyumba yake, akavilea. Alipokufa aliacha mke, mabinti, na shamba dogo la mipome, kama tunavyoiita miti hiyo kwetu, inayostahimili baridi ya milima ya Lubudi kuliko watu. Mjane wake, Mama Tshibola, alibeba mapome kichwani hadi barabarani, akapanda lori, akayauza Kolwezi kwa wapishi wa wazungu. Kwa matunda hayo alilea watoto.

Lakini dawa ya mumewe ilikwisha, na misimu miwili mfululizo miti ilishikwa na upele. Mvua zikianza, majani yanaota madoa meusi. Madoa yanaruka kwenye matunda. Tunda linapasuka, linakunjamana, linaonekana kama uso wa mtu aliyepona ndui. Wapishi wakakataa. Tata Kazadi, aliyerithi neno la mwisho juu ya ardhi ya kaka yake, akampa shemeji yake msimu mmoja tu. Mapome yakitoka na upele tena, miti itakuwa makala, yaani makaa ya kuuza, na mahali pake patalimwa muhogo. Ndiyo maana alikuwa akinoa shoka mapema hivyo. Alikuwa mtu wa kujiandaa.

Mama Tshibola hakulia. Mbelu aliniambia kwamba kila jioni alikwenda kuigusa miti, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto waliolala. Niliposikia hayo, nilisimama katikati ya gereji nikaapa kwamba nitaitibu mimi. Na nikiapa, nimeapa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonitatiza: Mama Tshibola alikuwa mkwe wangu.

Nilikuwa nimekwisha peleka mali ya kwanza ya ndoa, na tangu siku hiyo, kwa desturi yetu, yeye na mimi tulikatazwa kutazamana usoni. Tukikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Simwiti, haniiti. Nikiwa na neno kwake, namwambia Mbelu, naye anamwambia. Asipokuwapo mtu wa kati, neno linaambiwa kitu: mbwa, jembe, ukuta, chochote kilicho karibu, na mwenzako anasikia kana kwamba anasikia kwa bahati. Haya hiyo haiishi mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na mkwe apewe kuku wake. Ni desturi nzuri, inaleta heshima. Lakini haikutungwa na mtu mwenye bomba.

Maana bomba lile linataka watu watatu: mmoja wa kuvuta mkono, mmoja wa kushika fimbo, mmoja wa kuleta maji. Fimbo ni yangu, hilo halina mjadala. Maji yangeletwa na Mbelu kutoka kijito. Na wa kuvuta mkono alikuwa rafiki yangu Louis, mwenye mikono kama mapaja, aliyepaswa kuja na lori la asubuhi.

Lori lilifika. Louis hakuwamo. Dereva alisema bosi wa gereji amemzuia, kuna injini ya kushusha.

"Basi," alisema Tata Kazadi, akijikuna tumbo kwa raha. "Pompi iko, muntu haiko. Rudi Kolwezi, mwanangu, ukaandike wimbo."

"Vuta wewe, tata."

"Mi? Mi minangojea makala."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiko. Sikugeuka, nilikodolea macho gurudumu. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima aliyekwisha kata shauri.

"Weye pompi," ilisema, "usikie vizuri. Mi nimetwanga muhogo tangu ningali mutoto. Mukono wako hauwezi kunishinda. Uambie yule kijana atayarishe dawa, na mawingu yanakuya."

Nililiambia gurudumu: "Gurudumu, sema asante sana."

Mbelu alikimbilia mtoni na ndoo, akicheka njia nzima.

Dawa yenyewe niliijua. Nilimwona Tata Mulumba akiichanganya na kuirusha kwa ufagio nilipokuja kumposa binti yake, na nilimwuliza mpaka akachoka nami. Mrututu, yale mawe ya buluu yanayotoka katika shaba, yanayeyushwa katika chombo cha mbao au cha udongo, maana chuma yanakitafuna. Chokaa inazimwa kwa maji pembeni. Kisha vinachanganywa na kuchujwa kwa kitambaa, tundu la fimbo lisizibe. Mrututu nilikuja nao kutoka Kolwezi. Chokaa ilitoka Lubudi. Nchi yetu imeuweka ugonjwa hapa na dawa yake kulia na kushoto.

Nilichovya msumari ukatoka mwekundu, umevaa shaba. Hiyo ina maana dawa bado ni kali, itaunguza majani. Niliongeza chokaa kidogo kidogo, nikachovya tena, mpaka msumari ukatoka ulivyoingia. Pipa likawa buluu kama anga la mwezi wa sita.

Mama Tshibola alitatua suala la heshima mwenyewe. Alichomeka vijiti viwili mkokotenini, akafunga kitenge chake kikubwa kikawa pazia: yeye na mkono wa bomba upande mmoja, mimi na fimbo upande wa pili. Mpira ulikuwa mfupi, panya walikuwa wameula nusu, hivyo nilisimama karibu na mkwe wangu kuliko mkwe yeyote aliyewahi kusimama. Lakini sikumwona. Niliona maua ya kitenge tu.

Nikaanza wimbo, maana bomba bila wimbo linarukaruka, na dawa inatoka kwa kikohozi:

*Inuka, shaba, inuka,*
*toka chini ya Kolwezi,*
*panda majani na shina,*
*ukamkamate mwizi.*

Nyuma ya pazia mkono ulipanda na kushuka, sawasawa na mizani yangu, kama mchi. Ngozi ya kiatu changu ilishika. Na nchani mwa fimbo, ssssss, ikachanua mvua laini ya buluu, ikaketi juu ya majani kama umande. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini nilijizuia, maana mwanamume akishangilia kazi yake mwenyewe anaonekana kana kwamba hakuitegemea.

Watu walitoka kutazama. Mama Mbombo, jirani, alikuja na kiti chake. Tata Kazadi alisimama na shoka begani.

"Kumbe mkojo wa mbuzi!" alisema. "Mbona haufiki juu? Upele unakaa juu, weye unamwagia magoti."

Nilihisi moto masikioni. Nikamjibu papo hapo, kwa mizani ileile, bila kusimamisha kazi:

*Shoka lako lina njaa,*
*leo halipati mboga;*
*miti hii itazaa,*
*nalo lishikwe na woga.*

Mama Mbombo alipiga kofi kiti. "Yooo! Kazadi, umesikia?" Na pazia lenyewe, naapa, lilicheka.

Basi kiburi kikanipanda kama dawa inavyopanda kwenye mpira. Nikasema kwa sauti, nikijifanya naliambia bomba: "Pompi, vuta kwa nguvu! Tumwonyeshe mtu kilele!" Mkono nyuma ya pazia ukaongeza mwendo. Mpira ukavimba. Nikainua fimbo hadi kwenye tawi la juu kabisa la mti mkubwa kuliko yote, mti ambao Tata Mulumba aliuunga kwanza.

Wakati huo upepo ulikuwa umegeuka. Mimi sikuuona, nilikuwa namtazama Tata Kazadi. Mama Tshibola aliuona. Lakini angeniambiaje? Mbelu alikuwa mtoni. Akafanya alivyofundishwa: akaliambia bomba.

"Pompi, upepo," alisema. "Pompi, mwambie upepo umegeuka. Pompi!"

Na bomba nalo, kama magurudumu, lilikuwa likilia kwiii-ko, kwiii-ko, nami nikiimba juu yake. Neno lile la heshima lilifia palepale lilipotamkwa.

Upepo ulikamata mvua yangu yote kileleni, ukaibeba, ukaishusha. Ulikipiga kitenge, vijiti vikalala, pazia likaanguka. Na katikati ya mkokoteni, mkono wa bomba mkononi, alisimama Mama Tshibola, mkwe wangu, buluu kutoka kilemba hadi vidole vya miguu. Buluu ilimtiririka puani. Nilimtazama usoni kabla sijakumbuka kutomtazama.

Mama Mbombo alijifunika macho.

"Amemuogesha mukwe wake!" alipasua Tata Kazadi. "Mbele ya watu! Mchana! Mmeona bote?"

Mbelu alifika na ndoo, akaona, akaiangusha.

Mimi nilijitupa chini, uso kwenye matope ya buluu. Sitanii. Kumwagia maji mkwe ni kosa ambalo wazee hawalisemi mbele ya watoto. Kwa kosa kama hilo mali hurudishwa na mchumba hubaki kwao.

"Ndoa imekufa," alisema Tata Kazadi. "Na kazi imekufa. Pompi hii isiguse tena shamba la kaka yangu. Bora nianze leo, nisichelewe." Nikasikia miguu yake ikielekea kwenye mti mkubwa, na shoka likishuka begani.

"Kazadi."

Alisimama.

"Weka shoka chini," alisema Mama Tshibola. Alijifuta macho kwa kiganja, kiganja nacho kikazidi kumpaka. "Kosa la mukwe lina dawa yake, na dawa yake ni kuku. Mi sijasikia mahali banasema dawa yake ni shoka."

"Kuku anatolewa mutoto wa kwanza akizaliwa!"

"Mutoto atakuya. Lakini angalia kule." Alionyesha upande wa Lubudi, ambako wingu lilikuwa limesimama jeusi kama sufuria. "Ile mvua haingoji mutoto azaliwe. Ikikuta miti haina dawa, upele unaingia leo, na weye unapata makala yako. Mi nataka kuku wangu sasa, nipate kusema na huyu kijana kwa kinywa changu. Kama ningesema naye kwa kinywa, singekuwa hivi."

Tata Kazadi aliegemeza shoka kwenye mti. Desturi ilikuwa imemgeukia, na ilikuwa desturi ileile aliyoisimamia yeye.

"Kuku haiko," alisema. "Amekuja na pompi tu."

"Iko kwangu," alisema Mama Mbombo kutoka kitini. "Nampa kuku, naye anapiga dawa nyanya zangu. Zinakufa hivyo hivyo."

Mbelu alikwisha kimbia. Alirudi na jike jekundu lenye hasira, akaniwekea mikononi. Nilipiga magoti, nikamtoa kuku kwa mikono miwili, macho chini. Mama Tshibola akampokea. Kuku alipapatika, akajikung'uta, naye akawa buluu kifuani.

"Inua macho," alisema.

Nikainua. Alikuwa na uso mpana, wenye mikunjo ya kicheko pembeni mwa macho, uso wa Mbelu baada ya miaka mingi ya jua. Nilikuwa nimeposa katika nyumba ile miaka mitatu, na ndiyo kwanza nakutana nao.

"Kabeya," akaniita jina.

"Mama."

"Uko na kiburi sana."

"Ndiyo, mama."

"Nyimbo zako ni nzuri. Hiyo ya shoka, utaniimbia tena. Sasa simama, uweke upepo mgongoni mwako, na nikisema kushoto, ni kushoto."

Wote wakacheka, hata Mbelu aliyekuwa analia. Kuku alifungwa kwenye ekseli ya mkokoteni. Na hapo ndipo nilipojua kazi ni nini. Mama Tshibola alivuta na kupiga kelele: "Kushoto! Chini ya jani, chini ya jani! Rudi nyuma! Hapo, hapo!" Nami niliimba na kuzunguka, mti kwa mti, bila pazia, bila mtu wa kati. Mama Mbombo aliacha kiti akakoroga pipa, chokaa isitulie chini. Tulipomaliza mti wa mwisho wingu lilikuwa bado halijafika, na dawa ilikuwa imekaukia juu ya majani. Mvua ilipokuja, ilipita juu yake kama wageni wanaokuta mlango umefungwa.

Nilirudi mara kadhaa msimu ule, kila nilipopata ruhusa gereji. Nyanya za Mama Mbombo nazo zilipona, akawa anajisifu kwamba ni kuku wake aliyetibu kijiji.

Mwezi wa pili, mapome yalikuwa mengi hata matawi yakainama. Tata Kazadi alitumia shoka lake alilonoa vizuri kukata nguzo za panda za kuyategemeza. Siku ya kuchuma, alichagua tunda moja, akaligeuzageuza akitafuta doa, akalifuta kwenye suruali, akauma.

"Kali," alisema akitafuna.

Akachukua la pili.

Jumapili iliyofuata tulifunga ndoa, Mbelu na mimi, na lori la kutupeleka Kolwezi lilikuwa limepakia nusu vyombo vyetu, nusu mapome. Mama Tshibola alisimama chini ya mti wake mkubwa. Alikuwa amevaa kitenge kile kile cha pazia. Madoa ya buluu hayakutoka kamwe, naye alikataa kukibadilisha hata siku ya harusi. Nilimwona akiigusa miti mmoja mmoja, kisha akalitazama bomba lililoegeshwa ukutani.

"Mwaka kesho nani atashika fimbo?" aliuliza, na hakuliuliza bomba. Aliniuliza mimi.

Nikashuka kwenye lori, nikasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Mama," nilisema, na nikasema kwa sauti ili Tata Kazadi asikie hadi mlangoni kwake, "kila mwaka maua ya mipome yakianguka, mvua haijabisha hodi, mimi nitakuwa hapa. Nitapeleka bomba Kolwezi, nitalitia ngozi mpya, mpira mpya mrefu, na nitalirudisha kwa mikono yangu. Nitasimama na upepo mgongoni. Lakini magurudumu sitayapaka mafuta, mama. Utanisikia kabla hujaniona."